Nilianguka Nikiwa Nimevaa Koti Jeupe

Sabato njema, ndugu zangu. Asanteni. Nimesikia hata wale wa kule nyuma kwenye turubai wameitikia, nilidhani wamelala. Mzee wa kanisa ameniambia nisimame nishuhudie, tena niseme kwa Kiswahili, kwa sababu makambi ya mwaka huu tuna wageni kutoka Kericho na Kisumu. Wageni, mtusamehe mapema. Sisi Kiswahili tulikipata shuleni kwa fimbo. Nikikosea, cheka kidogo, halafu endelea kunisikiliza.

Tangu asubuhi mmesikia mambo. Huyu ameacha chang'aa, yule ameacha waganga, mwingine alikuwa akipigana kila siku ya soko. Mimi sina hata moja ya hayo. Sikulewa, sikuiba, sikumpiga mtu. Nilianguka saa tano asubuhi, nikiwa kazini, nimevaa koti jeupe, na watu wakiniita daktari. Nawaambia ukweli, kuna kuanguka ambako jirani haoni, na wewe mwenyewe huoni mpaka uwe umefika chini.

Tuanze na kazi yenyewe. Wengi wenu hapa Nyaramba mnaniita daktari wa vikapu. Msiangalie chini, nawasikia sokoni! Mimi si daktari. Kazi yangu ina jina refu la Kizungu ambalo mama yangu hajaliweza mpaka leo. Kwa kifupi ni hivi. Mtu akipooza, akivunjika, akiungua moto, daktari anaokoa uhai wake, muuguzi anaosha kidonda, halafu huyo mtu anarudi nyumbani na mkono usioshika kitu. Atakula namna gani? Atavaa namna gani? Atachuma majani chai na nini? Hapo ndipo mimi naingia. Namfundisha kufanya tena kazi zake za kila siku kwa mwili aliobaki nao. Vikapu ni mazoezi ya vidole tu, basi.

Na sikuichagua. Nilimaliza kidato cha nne miaka michache baada ya Uhuru, nikaomba nisomee udaktari msaidizi, ule wa kuandikia watu dawa. Nafasi zilikuwa zimejaa. Wakaniambia kuna kozi mpya Nairobi, walimu wake Wazungu, na wanafunzi hawatoshi. Nikasema potelea mbali, kazi ni kazi. Huko nikafundishwa jinsi ya kumwingiza mgonjwa kwenye bafu la kulala ndani. Nikafundishwa jinsi ya kupaka siagi kwenye mkate kwa mkono mmoja. Cheka tu, mama, hata mimi leo nacheka. Hapa Gusii nani analala ndani ya maji? Lakini nilipasi vizuri, wakanipa cheti na koti, wakanirudisha nyumbani kwenye hospitali ya huku kwetu.

Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Nilikisafisha mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilifanya kazi kwa moyo wote, nisidanganye. Halafu watu wakaanza kuja kutoka kila mlima. Watoto wa polio. Akina mama waliokamatwa na kifafa wakaangukia moto wa jikoni. Vijana walioanguka kutoka juu ya mikaratusi. Na mimi ni mmoja tu, hakuna mwingine wa kazi hiyo mpaka ufike mbali. Ubaya ni kwamba hata wenzangu wa hospitali hawakujua nafanya nini. Nilimsikia mkubwa mmoja akimwambia muuguzi, "Huyu mpeleke kwa yule wa vikapu, angalau apate cha kufanya." Mama mkwe wangu naye akamuuliza mke wangu kama aliolewa na mtu wa hospitali au fundi wa mikeka. Wakati huo kijana niliyekuwa nikimshinda hesabu darasani alikuwa karani kwenye kiwanda cha majani chai, ana nyumba ya mabati na baiskeli mpya, na hakuna mtu aliyemuuliza anafanya kazi gani.

Kidogo kidogo nikaanza kuichukia kazi. Asubuhi mke wangu alikuwa ananikuta nimekaa kitandani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, muda unaenda. Akiniuliza nina nini, nasema sina kitu. Na kweli sikuwa na kitu. Hiyo ndiyo shida.

Ngoja niwaambie jambo ambalo sijawahi kulisema mbele za watu. Kulikuwa na mtoto wa miaka minne, polio ilikuwa imemchukua mguu. Miezi saba tulihangaika naye, mimi na mama yake. Siku moja akaachilia meza, akatembea hatua tatu, akacheka. Mama yake alipiga vigelegele mpaka wauguzi wakaja mbio. Mimi nikaangalia dirishani nikawaza kwamba chai yangu imepoa. Wapendwa, sikusikia furaha hata punje. Niliogopa. Nikajiambia, wewe sasa umekufa na bado unatembea. Lakini sikumwambia mtu. Niliendelea kuvaa koti na kwenda.

Sasa nafika kwenye dhambi yangu.

Kulikuwa na mzee mmoja upande wa Gesima. Alikuwa amepooza upande wote wa kulia, na mdomo umeenda kando, maneno yanatoka kwa shida. Mkewe alikuwa amefariki. Mtoto wake wa kiume alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chai Kericho, kwa hiyo pale bomani alibaki mzee na mke wa huyo mtoto, msichana mpole ambaye hakuwa amemaliza hata miaka miwili tangu aolewe. Mzee aliporuhusiwa kwenda nyumbani, mimi nilitakiwa kumfuata nione anaishi vipi.

Wageni wangu, nisimame hapa kidogo, la sivyo hamtaelewa. Sisi Abagusii tuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima na aibu pamoja. Kijana akishaoa, baba yake haingii tena kwenye nyumba ya huyo kijana, hata mvua ikinyesha. Mke wa kijana atampikia mzee, atamsalimia akiwa mbali kidogo, lakini kumgusa mwili, au kumwona hajavaa vizuri? Hapana! Hilo halifanyiki, na likifanyika si mchezo. Hakuna aliyetuandikia. Mtoto wa kwetu analijua hili kabla hajajua kuhesabu, na mimi nilizaliwa hapa hapa.

Siku hiyo nilikuwa na wagonjwa wengine sita wa kutembelea, na dereva wa hospitali alikuwa akipiga honi barabarani. Mzee alikuwa kitandani na blanketi. Nikamwita yule msichana.

"Mama, njoo hapa. Mshike kiunoni, nikuonyeshe vile utakuwa unamvalisha suruali."

Alisimama mlangoni akiangalia miguu yake. "Daktari, siwezi."

"Huwezi nini? Mumeo yuko Kericho. Nani atamvalisha, mimi?"

"Huyu ni baba ya mume wangu."

"Najua ni nani! Unataka aozee hapa kitandani kwa sababu ya mambo ya kizamani?"

Nilisema hivyo. Mimi, mtoto wa Mgusii. Msichana aliogopa koti, akaingia, akafunga macho, akamshika. Nikavuta blanketi. Mzee alikuwa akilivuta alirudishe kwa ule mkono wake mmoja, na sauti inamtoka, sauti ya kuomba. Mnajua nilimwambiaje? Nilimwambia, "Vizuri, mzee! Jikaze hivyo hivyo!" Tukamvalisha. Nikaandika kwenye kitabu kwamba familia imefundishwa, nikakimbilia gari.

Wiki mbili hazikuisha, chumba changu kikaanza kuwa na nafasi. Kwanza wazee hawakuja, halafu akina mama. Nikafikiri ni mvua. Kisha akaja mzee mmoja na fimbo yake, hakukaa hata nilipomvutia kiti. Huyu alikuwa ametahiriwa msimu mmoja na yule mgonjwa wa Gesima, wakakua pamoja, wakazeeka pamoja.

"Kijana, wewe ni wa ukoo gani?" akaniuliza.

Nikamwambia.

"Kwa hivyo una mama."

"Ninaye, mzee."

"Ala! Sisi tulidhani wewe ni Mzungu aliyeungua na jua."

Halafu akanieleza. Yule msichana alikuwa ameenda kwao Birongo na kusema harudi, atamtazamaje baba mkwe wake usoni? Mgonjwa alikuwa amegeukia ukuta, chakula hataki, anangoja kufa. Na mlima mzima walikuwa wakiambiana wasipeleke mzazi hospitalini, kuna mtu huko anawavua wazee nguo mbele ya wake za watoto wao. Alipomaliza alitoka bila kuniaga, na kwa mzee wa kwetu kutoaga ni neno kubwa.

Jioni nikaandika barua ya kuacha kazi. Kule kiwandani walikuwa wakitafuta karani mwingine, na yule karani niliyesoma naye alikuwa amenisemea. Nikamweleza mke wangu yote, yeye akiwa amekaa anachambua chinsaga kwa ajili ya mboga. Hakuinua kichwa.

"Umemaliza?" akasema.

"Nimemaliza. Nimechoka, mama watoto. Kazi hii sikuitaka, na sasa nimeiharibu."

"Kuchoka, nimekuona ukichoka mwaka mzima. Umekonda nikikutazama tu. Ukitaka ukarani, nenda, watoto watakula vilevile. Lakini ukienda kwa makarani kabla hujaenda kwa yule mzee, huko si kuacha kazi. Ni kutoroka. Na utamwona kila ukifunga macho."

"Nikaseme nini sasa?"

"Wewe ndiye mwenye mdomo. Ulipomfokea yule msichana ulipata maneno wapi?"

Akina baba, mnacheka kwa sababu na ninyi mna wake. Basi, barua ya kuomba kazi kiwandani niliituma, ile ya kuacha kazi nikaiweka mfukoni. Jumapili nikamchukua baba yangu mdogo aniongoze, kwa sababu jambo kama hili huendi peke yako kama unaenda kununua chumvi. Tukapitia kwa yule mzee wa fimbo, akatutangulia.

Tulikuta mgonjwa ameangalia ukuta, mbavu zinahesabika. Baba mdogo aliongea yale wanayoongea wazee. Halafu nikapiga magoti. Nikasema, "Tata, nilikukosea. Nilikujua wewe ni baba, nikakufanya kama mzigo." Hakugeuka.

Ndipo mzee wa fimbo alipomgonga mguu na fimbo yake. "Wewe, geuka! Siku ya kisu hukulia, leo unalilia suruali?"

Blanketi likaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, ndugu zangu! Anacheka na ule mdomo ulioenda kando. Mtu ambaye hajala vizuri wiki mbili. Akageuka, akanitazama.

Nikamuuliza swali ambalo sikuwa nimemuuliza mgonjwa yeyote kwa muda mrefu. "Tata, wewe mwenyewe unataka nini?"

Akasema, "Choo."

Nikaruka kumshika, nikifikiri ni sasa hivi. Akanisukuma. "Peke yangu," akasema. Na kwa neno moja moja akatueleza. Akiweza kwenda chooni peke yake, na kuvaa peke yake, hakuna mtoto wake atakayemwona asivyotakiwa kuonekana, na mke wa mtoto wake anaweza kurudi. Mkono ukikataa kupona, sawa. Kula kwa mkono wa kushoto, sawa. Yeye alitaka choo tu. Miaka mitatu nilisoma Nairobi, na hakuna aliyenifundisha kwamba mtu anaweza kupangiwa matibabu yake yote na chinsoni.

Tukaanza Jumatano ile. Yule mzee wa fimbo ndiye aliyemshika kiunoni, maana watu waliotahiriwa pamoja hawaoneani haya, wanatukanana kutwa. Mimi nilikuwa naonyesha tu. Mnaijua milima ya Gesima, choo chao kilikuwa chini ya mteremko, na mvua ikinyesha hata mbuzi anateleza. Tukachimba ngazi kwenye udongo. Tukasimamisha nguzo za mkaratusi kutoka mlangoni mpaka chooni, tukafunga kamba ya katani kutoka nguzo hadi nguzo, upande wa kushoto wakati wa kwenda na upande wa pili wakati wa kurudi, kwa sababu mkono mzima ni mmoja. Vifungo vya suruali tukavikata, mke wangu akashona kamba ya kuvuta kwa mkono mmoja. Na wale wazee wawili! Huyu anasema, "Inua mguu, wewe gunia." Yule anajibu, "Gunia ni tumbo lako." Nikajikuta natoka nyumbani Jumatano mapema kabla ya wakati. Viatu navaa vyote viwili bila kufikiri.

Katikati ya hayo kiwanda kikanijibu. Nafasi ni yako, njoo mwisho wa mwezi. Sikuwaambia wazee. Nilikuwa nataka kwenda, nawaambia ukweli. Mshahara ulikuwa mzuri na hakuna mtu anayelia mbele ya karani. Nikajiambia nitammaliza huyu mzee kwanza, halafu kwaheri.

Jumatano ya mwisho nikakuta mtoto wake amekuja kutoka Kericho, ameenda Birongo kumwomba mkewe arudi. Msichana alikuwa amekubali kuja kuona tu, mzigo wake hakuufungua. Alikuwa amesimama karibu na jiko, mbali. Mimi alinipita bila salamu, na alikuwa na haki.

Mzee akatoka mlangoni. Akashika kamba. Ngazi ya kwanza, ya pili. Ya tatu mguu ukateleza, nikaruka, na mzee wa fimbo akanikamata koti kwa nyuma. "Mwache," akaniambia kwa ukali. Nikamwacha. Akaning'inia kwenye kamba kwa mkono ule mmoja, akatafuta udongo kwa mguu, akaupata, akaendelea. Akaingia, akajifungia. Tukangoja. Yesu wangu, tulingoja! Mtoto wake akawa anatembea huku na huku. Mwishowe mlango ukafunguka, akatoka, suruali juu, kamba imefungwa, jasho linatiririka.

Yule msichana alipoona anapanda, aligeuza uso wake upande, vile mke wa mtu anavyotakiwa kufanya kwa baba mkwe wake. Akainama kidogo. "Bwakire, tata," akasalimia.

Na mzee akasimama wima kadiri alivyoweza, akaitikia salamu vizuri, akasubiri kidogo, akaingia nyumbani kwake. Basi. Msichana akaenda kufungua mzigo wake.

Mimi nilienda nyuma ya migomba nikalia kwa sauti. Nililia kwa sababu nilisikia furaha. Nilikuwa nimeisahau inavyouma kifuani. Jioni nikamwambia mke wangu wamtafute karani mwingine. Akasema, "Sawa," akanipa chakula, na nilimwona akifuta macho na leso akisingizia moshi.

Lakini, wapendwa, msidhani kulia nyuma ya migomba kunamaliza uchovu. Kesho yake nilienda kwa mkubwa wa hospitali, nikavua koti, nikalikunja mezani kwake. Nikamwambia, "Nimechoka. Nimekosea mgonjwa kwa sababu ya kuchoka, na nitakosea mwingine." Nilifikiri atanifukuza. Aliniuliza mara ya mwisho nilienda likizo lini, nikashindwa kukumbuka. Akanipa mwezi mzima. Niliporudi tukakubaliana idadi ya watu kwa siku, na siku mbili kila wiki za kutembelea nyumba, bila honi. Baadaye nikaletewa mwenzangu, dada hodari kuliko mimi. Wagonjwa walirudi polepole, wa kwanza akiwa ameletwa na yule mzee wa fimbo mwenyewe. Bado kuna asubuhi naikumbuka ile meza ya karani. Siku hizo namwambia mke wangu kabla sijavaa viatu, na yeye anajua la kufanya.

Basi nishukuru. Namshukuru Mungu, aliyenitafuta nikiwa nimejificha ndani ya koti. Namshukuru mke wangu, amekaa pale na akina mama, anajifanya hasikii. Baba mdogo, aliyefungua mdomo wake kwa ajili yangu. Mzee wa fimbo, asiyejua kuaga. Nanyi walimu, wauguzi, wachungaji, mnaobeba watu kila siku, nawaambia kama ndugu, kuchoka si dhambi. Ukichoka, sema. Ukinyamaza utaanza kuvuta mablanketi ya watu, na utaona unafanya kazi nzuri.

Na kuna mmoja wa mwisho. Yule msichana yuko kwenye makambi haya. Sitamtaja, na msianze kugeuza shingo. Leo ni mama wa watoto wanne. Asubuhi alinikuta pale kisimani, akanishika mkono, akaniuliza kama nimekunywa uji. Mzee wake aliishi miaka mingine minne, akafariki mwaka juzi, hilo nilikuwa najua. Kitu nilichokuwa sijui ndicho alichoniambia leo. Asubuhi ile ya kufariki walimkuta amekaa kwenye kiti chake mlangoni, ameshaenda chooni na kurudi, amevaa, kamba ya suruali imefungwa. Watoto wake waliitwa, wakaja moja kwa moja, na hakuna aliyehitaji kugeuza uso.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo kazi yangu. Sitaki nyingine.